Jamvi Chini ya Sokoni

Majina ya watu sitayaandika. Ninayo yote kichwani, kuanzia yule mama aliyetuchotea maji mpaka kitinda mimba wa mwenye tanuri ya chokaa, lakini wengi wao wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wana wajukuu wanaosoma. Si vizuri mtu afungue kitabu akutane na babu yake bila hodi. Majina nitakayoyaandika ni ya mawe.

Nyuma ya mji wa Tanga, ukiipa bahari mgongo na kuyapita mashamba ya mkonge, lipo shimo tulilokuwa tukichimba mawe ya chokaa, enzi hizo ninaweza kubeba karai kichwani na bado nikasimulia habari za arusi njia nzima. Leo shimo limeota vichaka na chini limetuama maji. Ukuta wake mmoja umebaki wazi, nao una majina saba kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa ni Kofia, udongo mwekundu wenye changarawe. Chini yake Ugali, jiwe jeupe linalomomonyoka mkononi. Kisha Mfupa, la kijivu, gumu, lililotuvunjia mipini ya nyundo. Kisha Sokoni, kwa kuwa humo chaza na kome wa mawe wamejazana mmoja juu ya mwenzake kama watu siku ya gulio. Chini ya Sokoni, Jamvi. Chini ya Jamvi, Meza. Na mwisho Ini, jiwe jeusi jeusi ambalo tanuri ililikataa.

Nani aliyeyapa majina hayo sijui. Niliyakuta.

Jamvi ndilo lililonishikisha kalamu. Lilikuwa tabaka jembamba, unene wa shubiri, na wala si jiwe bali udongo wa kijivu unaoteleza kama sabuni ukilowa. Ukuta wetu ulilalia upande wa shimo, kwa hiyo Jamvi likiguswa siku ya mvua, vyote vilivyo juu yake vinaweza kuteremka kwa pamoja. Watu wa zamani waliliita hivyo kwa sababu likifikiwa ni kukunja jamvi, shughuli imekwisha, kila mtu aondoke.

Mimi nilikuwa mtaja mawe. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu sisahau jina. Shule niliishia darasa la nne, huko Tongoni, na mwandiko wangu ni wa kutambaa, lakini jina nikiambiwa mara moja limekaa. Juu ya ukuta walikuwapo wanaume wawili wenye mitaimbo, wamejifunga kamba kiunoni, wakibandua. Chini walikuwapo wapasuaji wa mapande makubwa na wanawake wa kuokota. Wa juu hawaoni chini, wa chini hawaoni juu. Mimi nilisimama pembeni kwenye tuta la kifusi, nikitazama kinachotoka na ncha ya mtaimbo, na kila tabaka lilipoguswa nilitaja jina lake kwa sauti. Nikitaja Mfupa, wa chini waliendelea. Nikitaja Jamvi, kila mtu alitoka chini ya ukuta, hata awe ameshika jiwe zuri namna gani. Hatukukimbia. Mwenye tanuri alikataza kukimbia, kwa kuwa watu walikuwa wakiangushana na kuumizana. Tuliweka vitu chini, tukaondoka kwa mwendo wa watu wanaokwenda kunywa maji.

Neno hilo la kwenda kunywa maji lishikeni, nitalirudia.

Mume wangu wa kwanza alitoka upande wa Muheza, kwenye machimbo ya kwao. Alikuwa mpasuaji tangu ndevu hazijamtoka, na mikono yake ilikuwa na sugu zilizokwaruza kanga zangu zikatoka nyuzi. Nilikaa naye siku thelathini na nane. Nyumbani tulizungumza yote ya watu wawili wapya: nani anakoroma, nani anatia chumvi nyingi, watoto tutawaitaje. Mawe hatukuyazungumza. Yeye fundi, mimi mtaja mawe, nani amuulize mwenzake anachokijua? Tena siku zote hizo aliwekwa kwenye tanuri, kupanga kuni na mawe, na ukuta ulikuwa bado kwenye Mfupa na Sokoni. Siku aliyoshushwa chini ya ukuta kupasua ndiyo siku mitaimbo ilipofika Jamvi.

Vuli ilikuwa imenyesha siku mbili. Niliona mtaimbo unatoka na udongo wa kijivu, nikataja.

“Jamvi!”

Wanawake wakaweka karai chini, wakaondoka. Yeye naye akaweka nyundo chini, akachagua pande moja la jiwe, akakaa. Akajifuta uso kwa upindo wa shati. Nikataja tena, mara mbili, kwa sauti ya kupasua kifua. Akaniangalia kule nilikosimama, akacheka, na kwa kiganja akapigapiga ile nafasi iliyobaki kando yake.

Nilidhani ananifanyia masihara mbele za watu. Nikaona haya, nikageuza uso. Ukuta uliteremka nikiwa nimegeuza uso.

Habari za kile kiganja sikumsimulia mtu.

Jamaa zake walikuja wakamchukua, wakamzika kwao. Siku ya kuanua matanga, nikiwa nimeshaanza kukaa eda, alifika mdogo wake wa kike, wifi yangu, binti wa miaka kama kumi na saba. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu.

“Wewe si ndiye unayetaja?”

“Ndimi.”

“Siku hiyo ulitaja?”

“Nilitaja.”

“Ulitaja sawasawa?”

“Sawasawa.”

“Kwa nini basi wenzake wote waliondoka, yeye akakaa?”

Chumba kizima cha wanawake kiligeuka kunitazama. Hakuuliza nilitaja neno gani. Wala mimi sikulisema, kwa sababu wote waliokuwapo machimboni walijua Jamvi ni nini, na asiyekuwapo nilimwona kama asingelielewa. Akaondoka. Tangu siku ile hakuniita wifi tena.

Watu wa machimbo walisema marehemu masikio yake yalikufa kwa sauti ya nyundo. Wengine walisema nilichelewa. Mmoja alisema chini chini kwamba bibi arusi mpya alikuwa akimwangalia bwana arusi badala ya mtaimbo. Niliyasikia yote. Niliolewa tena, nikazaa, nikalea, nikazika, na katikati ya yote hayo, nikiwa napepeta mchele au nakuna nazi, nilijikuta nauliza ulimi wangu mwenyewe: Ulisema Jamvi? Au ulisema Meza? Mtu asiyesahau jina akianza kulishuku moja, yote mengine yanatikisika. Kwa zaidi ya miaka hamsini nimeomba jambo moja, nijue kabla sijafukiwa kwa nini alikaa.

Wifi yangu naye, Mungu hakumpeleka mbali. Aliolewa kwenye kitongoji hikihiki. Tumezeeka nyumba ya tatu kutoka kwa mwenzake, tunazikana, tunaozeshana, tunaazimana kinu. Yeye huniita “mama,” kama muuza samaki anavyomwita mteja asiyemjua. Na ulimi anao.

Mwaka huu baada ya masika akaja mtaalamu wa miamba, mwanamke wa makamo anayefundisha chuo. Alipanga chumba kwa wifi yangu, kwa kuwa kuna choo cha ndani na tangi la maji. Alisema amekuja kuuandika ule ukuta kabla mwenye shamba hajaujaza kifusi. Sikuwa najua kwamba ukuta huandikwa. Akaulizia mtu anayeyakumbuka machimbo, akaelekezwa kwangu, na maneno aliyoelekezwa nayo akaja akanisimulia mwenyewe huku anacheka, asijue mwiba wake uko wapi. Wifi alimwambia: “Nenda kwa mama pale. Kila kitu anakikumbuka, isipokuwa hicho utakachomuuliza.”

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kupasua au kutazama?”

“Kutazama tu, bibi. Na kuandika.”

“Basi utachoka kabla ya wapasuaji.”

Sikuwa nimekwenda kule tangu shimo lifungwe. Nilikwenda naye nikiegemea fimbo, na tulipofika nilikaa palepale kwenye tuta la kifusi, sasa limeota majani, nikatazama kazi yake. Aliuchora ukuta alama za rangi kila mita moja kutoka chini hadi juu, huko juu akapandia ngazi. Alivuta futi ya utepe. Aligonga kwa nyundo ndogo, ndogo mno, sisi tungempa mtoto achezee. Jiwe alilolivunja alilitazama kwa kioo cha kukuzia, akalidondoshea tone la tindikali, likatoa povu. Kisha akaandika. Kwenye daftari lake ukuta ulikuwa ngazi nyembamba iliyosimama, kila kipandio tabaka moja, na mbele ya kila kipandio unene wake, rangi yake na viumbe waliomo. Pembeni aliacha nafasi ya jina. Hiyo niliijaza mimi, kwa mdomo.

Ndani ya Mfupa mna vile tulivyokuwa tukiviita vidole, vijiwe virefu vyenye ncha kama risasi. Sisi tulivitupa, havikuwa na faida tanurini. Yeye alikipokea kimoja kwa mikono miwili kama anapokea kitoto kichanga. Akanieleza kwamba kiliishi baharini, katika ukoo wa ngisi, na kwamba hicho ni kitu kilichokuwa ndani ya mwili wake. Nikamwambia kwamba nililelewa na mama mkubwa kule Kigombe, na ngisi nimewapasua wengi, hata wa leo mgongoni ana kitu kigumu ndani. Akaacha kuandika.

“Bibi, wanafunzi wangu huwachukua muda kufika hapo.”

“Hawapiki ngisi,” nikamwambia.

Akanionyesha na yale mawe yaliyojiviringisha, tuliyoyaita pembe za kondoo. Kuna mama mmoja alikuwa na kubwa, akalifanya la kuzuilia mlango, na alipokufa sijui lilikwenda wapi. Mtaalamu aliniuliza lilikuwa na ukubwa gani, nikamwonyesha kwa mikono, naye akapima nafasi iliyo kati ya mikono yangu kwa futi, akaiandika. Jambo hilo lilinigusa. Hakuna aliyewahi kupima kitu ninachokikumbuka.

Siku mbili zilipita hivyo. Tulipofika Jamvi nilimtajia jina na maana yake: udongo, hatari, watu waondoke. Sikumwambia zaidi. Aliandika, akaongeza kwamba udongo huo ulitulia chini ya bahari kipindi ambacho maji yalikuwa mazito kwa matope. Nikasema sawa.

Siku ya tatu, jua la adhuhuri likiwa kichwani, wifi yangu alishuka na njia akiwa na sufuria ya wali, bakuli la samaki wa nazi na sahani tatu ndani ya beseni. Mpangaji wake alikuwa ameondoka asubuhi bila kula.

“Mama,” akaniambia, “umempa mgeni majina yote, au mengine umeyabakisha nyumbani?”

“Nimempa yote.”

“Haya. Tumshukuru Mungu.”

Mtaalamu akasalimu, akamwambia, “Bibi, wiki iliyopita nilikuwa kwenu, kule upande wa Muheza. Yale machimbo yenu bado yapo.”

“Yapo? Nilidhani yameshakuwa shamba la machungwa.” Akausogelea ukuta, akaweka beseni, akapitisha kidole kwenye Sokoni. “Hawa chaza hata kwetu wapo. Walewale.”

“Mnawaitaje?”

“Chaza. Sisi hatuna maneno mengi kama watu wa pwani.”

Chini ya ukuta, pale Meza ilipochomoza kama baraza, akafuta vumbi kwa upindo wa kanga, akapanga sahani, akakaa.

“Njooni tule wali haujapoa. Hili jamvi lenu pana kuliko la kwetu.”

Nikamsahihisha, kwa mazoea tu, maana jina likikosewa mbele yangu siwezi kunyamaza. “Hilo siyo Jamvi. Hiyo ni Meza. Jamvi ni huo udongo hapo juu yake.”

“Mama, hebu niache. Udongo utauitaje jamvi, utaukalia? Jamvi ni hili gumu. Baba yetu, Mungu amrehemu, mitaimbo ikifika hapa anapiga ukelele, ‘Jamvi!’ na machimbo mazima yanaweka nyundo chini. Watu wanakaa. Ndiyo ilikuwa saa ya chakula. Sisi watoto tulikuwa tukiusikia ukelele huo kutoka nyumbani, tunakimbilia na vyungu.”

Nilikuwa nimesimama. Nikaishika fimbo kwa mikono miwili.

Mtaalamu, asiyejua lolote, akafurahi. Akafungua daftari, akatuonyesha ngazi mbili alizozichora bega kwa bega, yetu na ya kwao. “Nilijiuliza kuhusu hilo. Angalieni. Chaza ni walewale, basi tunajua tabaka ni lilelile. Hapa kwenu, chini ya chaza kuna udongo, unene wa shubiri. Kule udongo huo umezidi kuwa mwembamba mpaka umebaki kama karatasi, usipoutafuta huuoni. Kwa hiyo wao chini ya chaza wanakutana na jiwe gumu moja kwa moja. Jina ni moja, matabaka mawili.” Akashika kalamu. “Sasa niandike lipi?”

Wifi yangu alikuwa ameshika kijiko cha kupakulia, wali unadondoka punje moja moja. Yule mwanamke si mzito wa kuelewa, hajawahi kuwa.

“Siku ile,” akasema polepole, “ulitaja nini?”

Kwa miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza kuniuliza neno lenyewe.

“Jamvi.”

“Mara ngapi?”

“Mara tatu.”

“Na yeye?”

Ndipo nilipolitoa lile nililolificha. Nikamwambia aliweka nyundo chini, akachagua jiwe, akakaa. Nikamwambia nilipotaja tena alicheka, akafanya hivi. Nikapigapiga Meza kwa kiganja, kando ya sahani.

Akaangalia mkono wangu.

“Alikuwa anakukaribisha,” akasema. “Alidhani umeita chakula.”

Na wenzake, wangemjulishaje? Waliweka karai chini wakaondoka kwa mwendo wa watu wanaokwenda kunywa maji. Kila alichokiona siku ile kilimwambia akae. Alishangaa tu kwa nini mkewe amesimama juu ya kifusi anapiga kelele badala ya kuja kukaa naye.

Nilikuwa nikidhani nikijua nitapata nafuu. Sijui kama ni nafuu. Ulimi wangu haukukosea, nimejua sasa, na masikio yake hayakufa. Kilichobaki ni zile siku thelathini na nane. Tulikuwa na wasaa wa kutosha wa kuulizana, kwenu hili mnaliitaje, na hatukuulizana. Hilo ni nusu langu na nusu lake, na nusu yake nayo ninaibeba mimi kwa kuwa yeye hayupo.

Wifi yangu alitua kijiko. “Nilikutolea maneno mlangoni.”

“Ulikuwa mtoto.”

“Mlangoni nilikuwa mtoto. Juzi nilipomwambia huyu mgeni yale maneno, sikuwa mtoto.”

Nilikaa kando yake. Mtaalamu alikuwa ametuelewa, si yote, ila kiasi cha kutosha kumfanya afunike kalamu na kutazama maji ya shimo. Tulikula. Wali ulikuwa umepoa, na hakuna aliyeulalamikia.

Baadaye nilimwambia, “Mwanangu, andika yote mawili. Andika kwamba hapa Jamvi ni udongo, likitajwa watu waondoke. Na kule Jamvi ni jiwe, likitajwa watu wakae.”

“Nafasi ni ndogo, bibi.”

“Andika kwa herufi ndogo.”

Akaandika. Ilimchukua muda, na aliposhindwa kumalizia kwenye nafasi alipinda karatasi akaendelea ubavuni, kutoka chini kwenda juu. Akanisomea, nikamwambia ni sawa.

Jua lilipogeuka alianza kufunga vitu vyake, mawe kwenye mifuko yenye namba, futi, ngazi. Wifi yangu akajitwika beseni, akatangulia njiani. Mimi nilibaki. Nilisogea chini ya ukuta, pale pale, nikainua mkono nikaugusa ule udongo juu ya Meza. Ulikuwa bado na unyevu wa masika. Ulinibaki kwenye vidole. Nikasimama hapo nikisema na marehemu mume wangu kidogo, mambo yasiyohitaji kuandikwa.

Nikasikia sauti kutoka juu njiani, kali, sauti ya mtu aliyezoea kuita.

“Wifi! Toka hapo chini. Hilo ni jamvi.”

Nikatoka.